Salamu Chini ya Mialoni

Katika miaka niliyokimbia naye sikuwahi kumwona Mwalimu akimpita mtu. Yeye ndiye aliyekuwa akipitwa. Alipitwa na akina mama wanaosukuma vigari vya watoto, alipitwa na mbwa wanaotembezwa kwa kamba, na asubuhi moja, kwenye mlima wa kupandia Houghton, hapa Johannesburg, alipitwa na bibi wa Kizungu mwenye fimbo mbili, ambaye alimwomba radhi kwa kumpita. Mimi nilikuwa nyuma yao wote wawili. Nasema hili mapema ili msomaji ajue anayeandika ni mkimbiaji wa kiwango gani.

Alikuwa fundi cherehani, na kibanda chake kilikuwa Bertrams, karibu na uwanja mkubwa wa mpira, kati ya saluni na duka dogo la mtaani, wenyewe wanaliita spaza. Jina la Mwalimu halikutokana na ushonaji. Alifundisha kwaya katika kanisa la Wakongomani, na kwa kuwa waimbaji wake ndio waliokuwa wateja wake, jina lilimfuata kutoka kanisani mpaka kwenye cherehani. Hata sisi Watanzania, hata Waislamu kama mimi ambao hatukuwahi kumsikia akifundisha wimbo, tulimwita hivyo hivyo. Jina lake la kwenye karatasi niliijua herufi yake ya kwanza tu, tena kwa sababu ilichapishwa juu ya namba yake ya kifuani siku ya mbio.

Mimi ni fundi lifti. Nafanya kazi kwenye maghorofa ya Joubert Park, ambako lifti hufa kwa zamu, na karibu kila ninachokijua nimekipata katika vitabu vya mitumba ninavyonunua Newtown. Mwaka 2015 lifti moja ilikwama juu kabisa, nikalazimika kupanda ngazi na mfuko wa zana. Ghorofa ya sita nilikaa chini. Mama mmoja wa Dar es Salaam alitoka na stuli na kikombe cha maji, akanipepea kwa gazeti, akauliza kama amwite mtu.

"Nimekuja kutengeneza lifti," nilimwambia.

Akanitazama kwa huruma. "Pole, kaka. Sasa wewe utatengenezwa na nani?"

Kesho yake nilinunua kitabu cha mbio. Nilikisoma chote kabla ya kununua viatu. Nilijua misuli ya mguu kwa majina, nilijua jinsi pumzi inavyoingia kwenye damu, nilijua makosa ya wakimbiaji wapya na namna ya kuyaepuka. Kilichobaki kilikuwa kukimbia, na kwa hilo watu waliniambia niende kwa Mwalimu, ambaye kila Jumamosi alfajiri aliondoka Bertrams na kundi la mafundi, wasusi na walinzi wasiokuwa zamu.

Asubuhi ya kwanza nilimpa shikamoo, maana alinizidi umri kwa mbali. Akacheka mpaka akashika magoti.

"Eh, Mutanzania! Miye si muzee bado. Sema jambo tu, twende."

Alikuwa amevaa kaptula ya zambarau yenye mkunjo wa pasi. Aliishona mwenyewe kwa mabaki ya majoho ya kwaya, na kwa mbele aliitilia mfuko wa leso. Nilimweleza kwamba kitabu changu kinashauri kitambaa chepesi kisichoshika jasho, na kwamba mfuko huongeza uzito. Alitoa leso mfukoni, akajifuta uso, akairudisha.

"Nitasalimia watu na sura ya maji?" aliuliza.

Nilidhani anatania. Ilinichukua Jumamosi kadhaa kuelewa kwamba hiyo ndiyo ilikuwa nadharia yake yote ya mbio.

Ukitoka Bertrams ukavuka bonde na kupanda ule mgongo wa mawe, unaingia Houghton ya juu, halafu barabara inateremka kwa kona baina ya kuta za mawe za zamani, na chini yake mji unabadilika. Kelele za mabasi zinakwisha. Pande zote mbili za barabara imesimama mialoni iliyopandwa na matajiri wa dhahabu, mikubwa, matawi yamekutana juu, na unakimbia chini yake kama mtu aliyeingia kwenye jengo. Mwezi wa nne matunda yake huanguka na kutapakaa lami nzima. Nilikuwa nimesoma kwamba ni ya mviringo na magumu, na kwamba mkimbiaji akanyage kwa uangalifu kwa sababu yanateleza kama gololi. Nilikuwa katikati ya kuwaeleza wenzangu jambo hilo nilipoanguka. Ni siku hiyo walipoanza kuniita Profesa.

Kuhusu miti yenyewe tulibishana. Mwalimu alishikilia kwamba hii ndiyo miti ya yule baba wa imani ambaye dini zetu zote mbili zinamdai, aliyekuwa amekaa kivulini wakati wa jua kali, akawaona wageni watatu, akatoka mbio kwenda kuwapokea. Nilimwambia kwamba kwa mujibu wa kitabu changu mwaloni wa kule ni wa jamii nyingine, majani yake ni madogo zaidi na yana miiba pembeni.

"Profesa," alisema, "miye nakupa habari ya muzee anakimbia. Weye unanipa habari ya majani."

Mitaa ile ina vizuizi. Wenyeji wameweka mlingoti barabarani, pembeni yake kibanda kisichozidi kabati la nguo, na ndani ya kibanda mlinzi anayekaa hapo kutwa nzima. Gari likija anainua mlingoti. Kwa sheria, mtu wa miguu anapita bila kuulizwa, lakini kwa sheria watu kama sisi tunafanya mambo mengi bila kuulizwa, na bado tunaulizwa. Walinzi wenyewe wengi walikuwa wa kwetu: wa Bukavu, wa Uvira, wa Bujumbura. Mwalimu aliwajua wote. Alijua nani yuko geti gani Jumamosi gani, nani amebadilishana zamu na nani, na alichagua njia kwa kufuata hilo. Hakuwa na njia ndefu na njia fupi kama watu wengine. Alikuwa na Njia ya Amisi, Njia ya Mama wa Bujumbura, na Njia ya Yule Aliyeoa Juzi.

Mtu wa utaratibu hawezi kuvumilia mambo kama hayo. Nilipima njia zote, nikazipa herufi, nikachora ramani, nikaipeleka dukani ikawekewa plastiki isiharibiwe na jasho. Mwalimu aliipokea kwa mikono miwili. Wiki iliyofuata nilipita kibandani kwake nikaikuta imekatwa katikati kwa duara zuri sana. Alikuwa ameitumia kama kielelezo cha kukatia kola za kwaya. "Ile plastiki ni mukali," aliniambia kwa shukrani ya kweli. "Haikunjiki. Uniletee ingine."

Kwenye geti la Amisi ndiko tulikokaa zaidi. Amisi alikuwa kijana wa Uvira, mrefu, mwenye sare ya kampuni iliyomwishia juu ya viwiko mpaka Mwalimu alipoiongeza mikono. Ukiwasikia ungedhani hawajaonana tangu mwaka uliopita.

"Amisi, jambo!"

"Jambo sana, Mwalimu. Mumeamka?"

"Tumeamka. Nyumbani beko muzuri?"

"Beko. Kwako?"

"Kwangu beko. Mama Uvira?"

"Mama eko. Mguu tu. Anasema mguu inamusumbua na baridi."

"Anafunga ile kitambaa nilituma?"

"Anafunga. Anakuombea. Anasema ule fundi ataingia mbinguni na viatu."

Hapo Mwalimu alicheka, akauliza mvua, akauliza bei ya samaki, akauliza yule mjomba mwenye kesi ya shamba. Mimi nilikuwa nikisimamisha saa yangu kila tulipofika getini na kuiwasha tulipoondoka, kwa hiyo katika rekodi zangu mimi ni mkimbiaji wa haki kabisa. Katika dunia ya kweli mikate ilikuwa imekwisha dukani kila tuliporudi.

Nilimwambia siku moja kwamba angeweza kupunga mkono tu. Hakukasirika. Alisubiri mpaka tulipokuwa tunapanda, akaongea kwa vipande, maana mlima haukumpa nafasi ya kuongea kwa mstari.

"Mutu mweusi akikimbia kimya huku, batu wanatafuta anayemufukuza. Akisalimia, banajua anaenda."

Alikuwa na ushahidi. Kuna asubuhi mkazi mmoja alipiga simu kwa kampuni ya ulinzi kwamba kuna kundi la wanaume linakimbia, na gari la walinzi wenye bunduki likaja kwa kasi likatuzuia mbele. Sisi tuliinua mikono. Mwalimu alitoa leso, akajifuta, akamwendea dereva dirishani na kile Kizulu chake cha kwaya, akamuuliza kwao ni wapi, na mvua kule ikoje, na mama mzazi anaendeleaje. Dereva alijibu la kwanza kwa ukali, la pili kwa wasiwasi, na la tatu kwa urefu, kwa sababu mama yake alikuwa ametoka hospitali wiki hiyo. Mwishowe redio ya gari ndiyo iliyomkatiza, ikimuuliza yuko wapi. "Eish, baba, lazima niende," alimwambia Mwalimu, kama mtu anayeomba ruhusa.

Basi ungemwona hivyo ungedhani ni mtu asiyejali saa. Waimbaji wake wangekushangaa. Kwenye kwaya alikuwa mkali kiasi cha kutisha. Muda wa mazoezi ukifika alifunga mlango wa kanisa kwa komeo, na aliyechelewa alisimama uani na kuimba sehemu yake kupitia dirishani, hata kama ni mvua, hata kama ni mke wa mchungaji. Mmoja wa wasusi wa kundi letu aliwahi kuimba msimu mzima wa Pasaka akiwa nje. Nilimuuliza Mwalimu anawezaje kuwa watu wawili. Alifikiri kwa makini.

"Kwaya ni kazi," alisema. "Kukimbia ni kutembelea batu."

Lakini si kukimbia kote. Kulikuwa na mbio moja aliyoitaka, na aliitaka kama mtu anavyotaka kitu.

Kila mwaka, majira ya kuanguka majani, kulikuwa na nusu marathoni iliyopita chini ya mialoni ile na kumalizikia kwenye uwanja wa shule. Nchi hii ina desturi ambayo vitabu vyangu havikuwa vimeniandaa nayo. Muda ukiisha, mtu mmoja anasimama kwenye mstari wa mwisho, anawapa mgongo wakimbiaji ili asimwonee mtu huruma, na anafyatua bastola hewani. Hapo hapo kamba inavutwa. Ukiwa umebakiza hatua moja, umebakiza. Hupati medali, hupati jina, unazungukia pembeni na viatu vyako.

Mwalimu alikuwa amefungiwa kamba ile mara mbili, zote mbili kwa sababu mnazozijua. Na ilikuwa Jumapili. Ilikuwa Jumapili pekee katika mwaka aliyomwachia mtu mwingine kwaya, na mchungaji alikuwa na maneno juu ya hilo. Binti yake, aliyezaliwa Johannesburg na anayeelewa Kiswahili chote lakini anajibu kwa Kiingereza, alikuwa akimsubiri mwisho wa njia mara zote mbili. Alikuwa amemwambia baba yake kwamba yeye ni mtu wa kuongea njiani na kutofika.

Siku moja nikiwa kibandani, akinipunguzia suruali kiunoni, jambo ambalo lilikuwa ushindi wangu pekee wa mwaka, nilimuuliza kwa nini anaitaka sana. Aliongea huku ana pini mdomoni.

"Huu muji umenifungia madirisha mingi, Profesa. Ofisi ya karatasi: unapanga mustari usiku, unafika pale mbele, mama anavuta kioo. Benki, kioo. Kliniki, kioo. Sasa hii ni kufunga moja ambayo naweza kuishinda kwa miguu yangu. Mara moja tu. Nifike mbele hawajafunga."

Nilisimama pale suruali ikiwa nusu, nikamwambia niachie mimi. Nadhani hakuna maneno yaliyowahi kumgharimu mtu usumbufu mwingi zaidi.

Niliandaa mpango wa mwaka 2018 kama ninavyoandaa ukarabati wa lifti. Tatizo lilikuwa moja, salamu, na kifaa kibovu unakiondoa kwenye mfumo. Nilihamisha mazoezi kutoka Houghton kwenda kwenye bustani kubwa ya bonde, ambako hakuna geti wala mlinzi, tukawa tunazunguka nyasi. Alikubali yote. Hilo ndilo lililonionyesha jinsi alivyoitaka medali ile. Wenzetu walituacha mmoja mmoja, wakisema kuzunguka bustani ni kazi ya ng'ombe wa kusaga mafuta. Yeye alibaki, akikimbia kimya, macho mbele, na mwendo wake ukapanda kweli. Mara moja tu alivunja masharti, alipomsalimia mkata nyasi, na aliniomba msamaha kabla sijasema kitu.

Nilipanga chakula chake. Nilipanga maji: wapi atachukua kile kifuko kidogo cha maji wanachogawa mezani, wapi atakitoboa kwa meno, wapi hatakigusa. Nilipanga viazi vya chumvi. Nilizunguka magetini mwenyewe wiki moja kabla, nikawaomba walinzi, mmoja baada ya mwingine, kwamba Jumapili hiyo wapunge mkono tu, wasiulize mtu yeyote habari ya mtu yeyote. Waliahidi. Amisi alicheka akasema, "Sharp, Profesa. Nitakuwa sanamu."

Na walitimiza. Jumapili ile nilikimbia ubavuni mwake nikiwa na saa mbili, moja ya akiba, na kila geti mlinzi alisimama wima na kuinua mkono kama askari wa gwaride, na Mwalimu aliinua leso na kupita. Nilianza kufikiri nitasema nini watu wakinipongeza.

Amisi hakuwa amesimama. Alikuwa ameketi nje ya kibanda chake, kofia ikiwa magotini. Hakuinua mkono.

Mwalimu alipunguza mwendo.

"Ameahidi kuwa sanamu," nilimwambia. "Twende."

"Amisi, jambo."

"Jambo, Mwalimu."

"Kuna nini?"

"Mama." Alitazama kofia. "Walinipigia simu usiku."

Najua kutoa pole kama mtu mwingine yeyote. Nilisema, "Pole sana ndugu yangu, Mungu ampumzishe mahali pema, Mwalimu twende," yote kwa pumzi moja, na sijivunii mpangilio wake.

Mwalimu alikuwa amesimama kabisa. "Profesa, simamisha saa."

"Naweza kusimamisha yangu. Yao siwezi."

"Basi iache iende."

Alivuta kreti la soda lililokuwa kando ya kibanda, akaketi goti kwa goti na Amisi, akamshika mkono. Kwetu sote, wa Tanga na wa Uvira, msiba huusalimii ukiwa umesimama. Hilo nililijua kabla ya kujua kusoma. Katika mpango wangu wote, wenye viazi na chumvi yake, nilikuwa sikulitengea hata mstari mmoja.

Alimuuliza nani yuko na mwili. Alimuuliza mazishi ni lini, na nani atasimama mahali pake kaburini, maana sote tulijua kwamba Amisi hawezi kwenda: karatasi zake hazikumruhusu kutoka na kurudi, na zamu yake ilikuwa mpaka jioni. Alimuuliza jina la mama yake, la kuzaliwa, siyo lile la kuitwa mama fulani. Halafu akauliza mama alikuwa akiimba nini jikoni. Amisi alijaribu kukumbuka, akaanza, akashindwa, na Mwalimu akaupokea wimbo ule pale ulipokatika na kuumalizia kwa sauti ya chini.

Wakimbiaji walipita. Wakapita wanaotembea. Likaja gari la kuokota waliochoka, likasimama kando yetu, na dereva akauliza kama tunapanda. Nikamwambia tunasubiriwa mbele. Akatazama saa yake, akanitazama mimi, akaenda. Hapo ndipo nami nilipoketi. Kreti lilikuwa moja, kwa hiyo nilikaa chini, juu ya matunda ya mwaloni, na kwa siku kadhaa baadaye niliweza kueleza kwa uhakika ugumu wake.

Amisi ndiye aliyetuondoa. "Mwalimu, kimbia," alisema. "Mama angekufukuza na mwiko."

Sijawahi kumwona akikimbia vile, kabla wala baada. Leso alikuwa ameiacha kwa Amisi. Alikimbia mdomo wazi, mkunjo wa kaptula umepotea, na mimi mwenye saa mbili nilibaki nyuma nikimpigia kelele za mwendo ambazo hakuzihitaji. Tuliuona uwanja. Tuliona bendera. Tulimwona yule mtu na mgongo wake. Bastola ililia tukiwa kwenye nyasi, na kamba ikavutwa mbele ya kifua chake.

Binti yake alikuwa upande wa pili.

"Papa," alimwambia kwa Kiingereza, "ulisimama wapi tena?"

"Kwa Amisi."

"Kila mwaka, Papa!"

"Mama yake amekufa."

Msichana aliinua kamba, akainama, akatoka kuja upande wetu, na tukazungukia pembeni sote watatu.

Nilitaka kumfariji Mwalimu. Nilianza kusema kwamba alichofanya kina thamani kuliko medali. Alinikatiza.

"Usiseme ni sawa, Profesa. Haiko sawa. Nilikuwa naitaka."

Baridi ya mwaka huo ilimwingia gotini. Aliacha kukimbia, halafu akaacha kupanda vilima, halafu binti yake akamchukua kwenda kukaa naye upande mwingine wa jiji. Kibanda cha Bertrams kikawa cha kutengeneza simu. Namba niliyokuwa nayo ikawa ya mtu mwingine, mtu mpole aliyenijibu kwa Kisotho. Jumamosi nilikimbia peke yangu, na kwa mara ya kwanza nikawa na njia A, njia B na njia C, na hapakuwa na mtu wa kuzikatia kola.

Mbio za mwaka 2019 niliziingia kwa lengo langu mwenyewe. Nilikuwa nimepungua, nilikuwa nimesoma vitabu vingine viwili, na kwa hesabu zangu ningefika na muda wa kunywa soda kabla ya bastola. Mialoni ilikuwa inakufa. Mdudu mdogo kama punje ya ufuta alikuwa ameitoboa magome, na mahali pengine palibaki visiki, jua likianguka moja kwa moja kwenye lami. Nilikuwa na maelezo marefu juu ya mdudu huyo, na hakukuwa na mtu wa kumpa.

Geti la kwanza mlinzi alitoka kibandani. "Profesa! Mwalimu eko wapi?"

"Sijui. Alihama."

"Hajakufa?"

"Sidhani."

"Ukimuona umwambie mtoto alizaliwa. Tulimuita jina yake."

Geti la pili vivyo hivyo. Mama wa Bujumbura alinishika mkono wenye saa, akanipa salamu za watu sita, kila mmoja na habari zake. Nilijaribu kukimbia mahali pamoja wakati ananiambia, kama vitabu vinavyoshauri. "Una haja ndogo?" aliniuliza. Nikasimama. Amisi alikuwa na salamu ndefu kuliko wote, za kaburi lililojengewa na ndugu aliyelijengea, na mwishoni akaingia kibandani akatoka na leso ya zambarau, imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa mara nne.

Nilifika kwenye nyasi bendera ikiwa mbele yangu. Nilikimbia. Nina ushahidi wa saa mbili kwamba nilikimbia. Bastola ililia, na kamba ikaja ikanishika kifuani.

"Umechelewa, Profesa."

Aliyeishika kamba alikuwa amevaa fulana ya wasaidizi wa mbio na kaptula ya zambarau yenye mkunjo wa pasi. Binti yake, kumbe, alikuwa amejiunga na klabu inayoandaa mbio zile, na wazazi huombwa kusaidia.

"Mwalimu! Niinulie kidogo, ni hatua moja."

"Kanuni ni kanuni. Weye ulinifundisha."

Nilimtazama, nikitweta, nikitafuta hoja. Alikuwa ndani. Mimi nilikuwa nje.

"Leo miye ndiye nilifika wa kwanza," aliniambia, na uso wake wote ulikuwa unacheka. "Giza bado. Walikuta niko hapa nasubiri wafungue." Kisha akaona kilichokuwa mkononi mwangu, na kicheko kikatulia. Aliipokea leso, akaikunjua, akaitazama, akajifuta uso ambao haukuwa na jasho. Kamba hakuiachia.

"Ulipita kwa Amisi."

"Nilipita kwa wote. Ndiyo maana niko huku."

"Anayechelewa anaimbia nje," alisema Mwalimu, akasogea karibu na kamba. "Haya. Nani wamenisalimia?"

Nilianza na Amisi, kwa sababu ndiye niliyemkumbuka vizuri zaidi. Akatikisa kichwa.

"Anzia geti ya kwanza," alisema. "Usiruke mutu."